Mbeleko Laini ya Yitayish

Ngozi iliyotundikwa ukutani miaka thelathini na minne, juu ya moshi wa jiko, hukauka ikawa ngumu kama ubao. Hilo kila mwanamke wa vilima vyetu vya Gayint analijua. Lakini mbeleko ya Yitayish ilikuwa laini kama shavu, tena ya vuguvugu, kana kwamba mtu ameivua mgongoni sasa hivi. Debritu, mke wa mwanawe, aliishika, akafurahia ulaini wake, wala hakujiuliza umetoka wapi.

Ilikuwa siku ya pili baada ya ubatizo wa bintiye, Wubit. Siku themanini za kukaa ndani zilikuwa zimekwisha, na kazi zilimsubiri: maji, kuni, palizi. Mgongo wake ulikuwa mbovu tangu alipoteleza na mtungi akiwa na mimba. Kwa hiyo kuchagua mbeleko halikuwa jambo la mchezo, na majirani walikuja kunywa kahawa ili wamsaidie, yaani wamcheke.

Ya kwanza ilikuwa ya kitambaa, yenye vifungo vya plastiki, aliyoletewa na dada yake kutoka Addis Ababa.

"Mtoto anakwenda shule huyu?" aliuliza Alganesh, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Si umtilie na madaftari kabisa."

Ya pili ilikuwa ngozi mpya ya ng'ombe kutoka sokoni. Mikanda yake ilimkata mabega kabla hajafika mlangoni.

"Ipake siagi, italainika," alishauri jirani mwingine.

"Lini, mwakani? Mimi nateka maji kesho, mwenzangu."

Mama mkwe wake, Yitayish, alikuwa muda wote akikaanga buni. Sasa aliinua macho ukutani. "Ile pale ipo," alisema. "Ndiyo niliyombebea Molla."

Molla ndiye mume wa Debritu, jitu la mabega mapana, na hapo hakuna aliyekuwa na la kuuliza tena. Waliitungua mbeleko ya zamani, wakapangusa masizi kwenye simbi zilizoshonewa pembeni, wakamtia Wubit ndani, wakamfunga mama yake. Debritu alizunguka nyumba mara mbili akicheka.

"Simsikii kabisa," alisema. "Kama sijabeba mtu."

Yitayish hakucheka. Alikoroga buni mpaka zikaungua.

Harufu ilianza wiki ile ile. Kwetu wanawake hupaka siagi nywelani, kwa hiyo harufu ya siagi iliyochacha haimshtui mtu. Lakini chini ya hii kulikuwa na nyingine, ya maziwa yanayoozea kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto asiyeoshwa. Debritu aliisugua ngozi kwa jivu. Asubuhi aliikuta imelowa tena, inatoka mafuta mazito ya njano, na alipoyafikicha vidoleni yalikuwa na joto la mwili.

Kisha zikaota nywele. Ziliota upande wa ndani, pale linapolala tumbo la mtoto, na hazikuwa za ng'ombe: zilikuwa fupi, nyembamba, kama za utosi wa kichanga. Debritu alizinyoa kwa wembe, na wembe ulipopita, ngozi ile ilisisimka vinyweleo kama ya mtu anayehisi baridi. Akajiambia ni upepo. Naona kinyaa hata kulisimulia hili, lakini mgongo ulikuwa haumuumi tena, na yeye hakutaka kuirudia ile mikanda.

Siku moja alichelewa kijitoni hadi saa sita mchana, saa ambayo watu wetu hawakai majini, kwa kuwa ndiyo saa ya wasio watu kuoga. Akiwa anapanda mlima na mtungi alisikia nyuma yake mtu ananyonya, chwa, chwa, kwa pupa, na kumeza, na kuvuta pumzi kupitia puani kama mtoto mwenye mafua, na alipomvutia Wubit mbele ili amtazame alimkuta amelala, mdomo umefumba, midomo imekauka, huku ule mnyonyo ukiendelea vile vile katikati ya tumbo la mtoto na ile ngozi.

Alikimbia hadi kwa Alganesh.

Alganesh alimpokea mtoto, akampima mikononi, akashusha sauti. "Debritu. Unamnyonyesha huyu?"

"Kila saa."

"Mbona hana uzito? Nimeshika kuku wazito kuliko huyu."

Wakamvua nguo. Uzi wa ubatizo ulikuwa unampwaya shingoni. Tumbo lake lilikuwa limekunjamana kama vidole vilivyokaa sana majini, na limejaa alama nyekundu za duara, kila moja upana wa kinywa kisicho na meno. Mbeleko nayo ilikuwa imenenepa. Alganesh aliibonyeza kwa kidole, na kwenye matundu ya mshono yakatoka mabonge ya maziwa yaliyoganda, yakifuatwa na uvundo, kisha ngozi yenyewe ikakifuata kile kidole, ikakipapasa, ikakibugia hadi kwenye kifundo na kuanza kukivuta. Alikinyofoa, akatapika kizingitini.

Debritu alikumbuka alivyozunguka nyumba akicheka kwamba hamsikii mwanawe, akajichukia.

Yitayish aliwakuta hapo. Alipoiona mbeleko chini, aliketi.

"Molla sikumbeba humo," alisema kwa sauti ya chini. "Nilidanganya. Kabla yake nilikuwa na binti. Alinifia mgongoni, mchana, kando ya kijito. Nikatembea naye hadi nyumbani nikifurahi kwamba ametulia."

Debritu alimchukua Wubit mikononi mwa Alganesh.

"Tulimzika. Maziwa hayakukoma. Nikawa nayakamulia humo ndani, na kitu kikanyonya. Maziwa yalipokauka nikakipa siagi, kila Jumamosi mkienda sokoni."

"Kitu gani, Mama?"

"Siyo yeye. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba siyo yeye."

"Ukanipa mimi nimtie mwanangu?"

"Siagi haikitoshi tena," Yitayish alisema. "Kilikuwa kinalia, Debritu. Wewe hujui kinavyolia."

Walikwenda wote, na mtoto, kwa Abba Tsige, kasisi anayeangalia chemchemi ya maji ya baraka. Aliiweka mbeleko juu ya jiwe, akaisomea, akaimwagia maji, na ngozi ikajikunja, ikapiga mateke ilhali haina miguu, ikatapika siagi ya miaka yote ile, nyeusi, yenye nywele, ikitiririka kwenye majani mpaka kwenye viatu vyake, na katikati ya uvundo ule kikatoka kilio cha kichanga kinachosema waziwazi kama mtu mzima: "Mgongo. Nipeni mgongo."

"Hupewi," Abba Tsige alisema, akainua msalaba.

Lakini Yitayish alikuwa ameshapita mbele. Aligeuka, akainama, akapeleka mikono nyuma, kama afanyavyo mwanamke yeyote anapopandishiwa mtoto.

"Njoo, mwanangu," alisema.

Mbeleko ikanywea juu ya jiwe, kavu, ngumu. Wubit akalia kwa nguvu, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Sasa mtoto amenenepa. Debritu humbeba kwenye ile ngozi mpya, mabega yakichubuka, na kila akihisi uzito hushukuru. Yitayish amehamia kibanda cha nyuma. Hutembea ameinama, mikono ameifumbata nyuma chini ya shuka, na kila wiki mifupa yake huzidi kuonekana. Debritu humpelekea injera, ule mkate wetu wa chachu, huiweka mlangoni akiwa amebana pumzi, na hutema mate akirudi.

Juzi alilazimika kuuliza. "Mama, umekula?"

Yitayish alijipigapiga nyuma kwa kiganja, polepole, kama mtu aliyemaliza kunyonyesha. Chini ya shuka kitu kikacheua.

"Mwenzangu ameshiba leo," alisema. "Mimi ndiye ninayekwisha. Sasa nikiisha, ataomba mgongo wa nani?"

Debritu alirudi ndani na kumtazama Wubit amelala. Kisha alikwangua siagi yote iliyokuwamo kibuyuni, akaimwaga kwenye mchuzi, akampelekea mama mkwe wake kabla haujapoa.