Mashine Isiyokoroma

Haya yalimpata shoga yangu, mpiga chapa, nami nayasema kama alivyonieleza. Kompyuta yake iliungua, na mteja pekee aliyembakia alitaka kazi yake kesho yake asubuhi, la sivyo ampe mwingine. Akakimbilia kwenye duka la mitumba, akabandika sikio kwenye kila mashine, maana feni ikikoroma ujue ni ugonjwa. Moja tu ilikuwa kimya, na bei yake, pamoja na kibodi, aliimudu.

“Hii haichoki, dada,” muuzaji akamwambia.

Chumba chake hakina dirisha. Akiwa ukurasa wa tatu, umeme ukakatika, ikawa giza totoro. Akajiinamia, akalia. Ndipo akasikia vitufe: ta, ta, ta. Akanyoosha mkono avizuie. Vilikuwa vinabonyea kimoja kimoja chini ya kiganja chake, na vyote vimelowa jasho.