Daftari la Goti la Mbah Karti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kuwamwagia kuku mahindi, na kuandika namba katika daftari la goti. Mbili za kwanza zilikuwa rahisi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitia matatani.

Daftari lilikuwa la bibi yangu, Mbah Karti; Mbah ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Wiki tatu kabla ya kazi hiyo kuanza, madaktari wa hospitali ya mjini walikuwa wamemtoa goti la kulia lililosagika na kumwekea la chuma. Kwa miaka arobaini na mitatu alikaa kwenye kigoda kifupi akichora batiki kwa nta ya moto, yeye na kina mama watano wa mtaa wetu, wote wamelizunguka jiko moja. Mikono yake ilikuwa bado ya kisichana. Magoti ndiyo yaliyozeeka.

Siku aliporudi nyumbani, muuguzi wetu, Mbak Ratri, yaani Dada Ratri, alinikabidhi daftari hilo.

"Wening, wewe ndiye karani wangu," aliniambia. "Asubuhi na jioni muulize Mbah anaumwa kiasi gani. Sifuri ni hakuna kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Dawa anywe kwa saa zake, nusu saa kabla ya mazoezi. Asingoje mpaka azidiwe."

"Sawa, Mbak," nilisema, kichwa kimevimba kwa cheo kipya.

Lakini Mbah alikuwa na sheria zake. Kwetu mgeni hupewa chai yenye sukari nyingi na habari njema. Hata mtu mwenye homa akijuliwa hali, hujibu kwamba ni mzima huku anatetemeka. Kwa Mbah, muuguzi alikuwa mgeni, na daftari la muuguzi nalo lilikuwa mgeni.

"Leo ngapi, Mbah?"

"Andika mbili, Nduk." Nduk ni binti, ndivyo alivyoniita.

"Lakini nimekusikia ukigumia."

"Msichana gani wewe, una masikio ya sungura? Andika mbili."

Nikaandika mbili. Vidonge alivitia kwenye kopo la biskuti, eti anaviwekea siku ya maumivu makubwa. Mazoezi aliyaruka, maana bila dawa yalimuuma mno. Tena aliweka mto mnene chini ya goti, kwa kuwa mguu ukijikunja kidogo ulimpa nafuu, ingawa Mbak Ratri alikuwa amemkataza. Nilijua yote hayo na nikanyamaza, kwa sababu nilimpenda na sikutaka anichukie.

Kilichoniuma zaidi ni kumwona akiitamani kazi yake. Dirisha lake lilitazama uani kwa jirani yetu Bu Sarmi, walikokaa wachora batiki. Vicheko vyao viliporuka ukuta, kidole cha Mbah kilianza kuchora maua juu ya shuka. Siku moja nilimkuta amefumba macho, ananusa.

"Nta yao imeungua," alisema. "Sarmi anaongea mno." Kisha akageukia ukutani.

Kina mama hao walikuja kumjulia hali mara mbili. "Mimi mzima, sina haja ya kitu," aliwaambia. Walimwamini, wakaacha kuja. Nami nilimkumbuka yule bibi wa zamani aliyenifokea nikimwaga nta, hata nikatamani kufokewa.

Jumanne iliyofuata Mbak Ratri alifika na pikipiki yake. Mbah alikuwa amejipaka poda, na chai na ndizi za kukaanga zilikuwa tayari mezani. Mbak Ratri akapima goti linajikunja kiasi gani kwa rula yake ya pembe yenye mikono miwili.

"Nyuzi hamsini na tano," alisema. Akafungua daftari. "Mbili, mbili, mbili. Maumivu madogo hivi, mbona goti halikunjiki? Labda mimi ndiye niliyekosea kukufundisha mazoezi."

"Hapana, Mbak, unafundisha vizuri sana," Mbah alimjibu.

"Mbah, nyama za ndani zinakakamaa. Goti lisipofika nyuzi tisini katika wiki tatu, daktari atakulaza usingizi tena alikunje mwenyewe. Na hata hapo, sina hakika kama utarudi kwenye batiki."

Mbah akatabasamu. "Tutaona. Mbona ndizi hujazigusa?"

Lakini kidole chake kilikuwa kikichora maua juu ya shuka, nami nilikiona.

Kwetu kumpinga mkubwa mbele ya mgeni ni aibu. Nilingoja Mbak Ratri atoke, nikamkimbilia kwenye pikipiki.

"Mbak, zile mbili si mbili."

"Ni ngapi?"

"Ni nane. Siku nyingine tisa. Mimi ndiye niliyeandika uongo." Nikamweleza habari za kopo, mto na mazoezi, machozi yakinitoka. Nilijua atanigombeza. Badala yake alivua kofia ya pikipiki.

"Asante, karani. Turudi ndani."

Wala Mbak Ratri hakumgombeza Mbah. Alikaa karibu na kitanda akauliza, "Mbah, mimi batiki siijui. Nta ikianza kupoa ndani ya kalamu yenu ya kuchorea, mnailazimisha itoke?"

"Ala! Utaiharibu kalamu. Unaipasha kwanza."

"Na ukingoja mpaka igande kabisa?"

"Utahangaika nayo kutwa. Fundi hangoji..." Alikuwa mwerevu, akajua amenaswa. Akanitazama. "Nduk, ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, Mbah."

Mbak Ratri akamweleza kwamba dawa ni vivyo hivyo. Inywewe kwa wakati kama daktari alivyoandika, isizidi wala isipungue, ndipo goti likunjwe. Baada ya mazoezi mguu uinuliwe na kukandwa kwa kitambaa baridi, na mto uwekwe chini ya kisigino, si chini ya goti.

"Nikisoma mbili, naona huhitaji msaada," alisema. "Nikisoma nane, najua pa kuanzia. Pengine hata dawa yenyewe tungeibadilisha."

Siku mbili Mbah hakunisemesha. Chai aliipokea akitazama dirishani. Sijawahi kuona siku ndefu kama zile. Siku ya tatu nilisimama mlangoni na daftari langu, nikiogopa kuingia.

"Umeota mizizi hapo?" aliniuliza. "Kaa. Andika saba. Na uiandike vizuri, siyo mguu wa kuku."

Nusu saa baada ya kidonge tukaanza mazoezi. Jasho lilimtoka, na safari hii hakuziba mdomo. "Uwiii! Huyo Mbak wako hana huruma!" Alilia, akacheka, akakunja tena. Namba zikawa saba, sita, nane siku ya mvua, kisha tano. Goti likafika nyuzi sitini na nane, halafu themanini. Wiki tatu zilipotimia, Mbak Ratri alisoma rula yake mara mbili.

"Tisini na mbili! Hakuna kulazwa tena. Lakini kigoda kifupi basi, Mbah. Utakaa kwenye kiti."

Alipoondoka, Mbah hakufurahi kama nilivyotarajia.

"Ngapi, Mbah?"

"Goti, tatu." Akashusha pumzi. "Lakini kuna maumivu ambayo daftari halina mahali pake. Nina hamu na wenzangu, Nduk. Nitakaa juu peke yangu kama mwalimu wa zamu, wao wote chini. Na niliwaambia sina haja ya kitu."

"Niandike?"

"Usiandike. Niitie Sarmi."

Bu Sarmi alikuja mbio, mikono imejaa nta. Mbah hakumpa hata chai. "Sarmi, nilikudanganya. Niliumia sana, na nilikuwa na hamu nanyi."

Bu Sarmi alijishika kiuno. "We mwanamke! Sisi tulidhani umetuchoka! Na nani kakwambia tunavipenda hivyo vigoda? Magoti yetu nayo yanalia kila siku!"

Kesho yake asubuhi jiko la nta lilikuwa limepandishwa juu ya matofali, na kina mama wamelizunguka kwenye viti, wala hapakuwa na viti viwili vilivyofanana. Mbah alijikokota na fimbo yake hadi nafasi yake.

"Haya, Karti, hali?" aliuliza Bu Sarmi.

"Nne," Mbah alijibu. "Na kiti chako kina msumari."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kisha Mbah akaniita mbele ya wote.

"Huyu alinitia aibu kwa mgeni, nami nikamnunia siku mbili," alisema. "Leo nasema mbele yenu, alifanya vema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgeni mpe chai, Nduk, lakini anayekuja kukusaidia mpe ukweli, hata kama ni mchungu. Haya, shule. Umechelewa."

Kweli nilichelewa. Mwalimu aliponiuliza sababu, nilitaka kusema tairi la baiskeli lilipata pancha. Nikauzuia ulimi wangu, nikamwambia kwamba nilikuwa namtazama bibi yangu akichora batiki, na sikutaka kuondoka.