Kiti cha Abiria

Kengele ya mkanda, ile inayolia abiria asipojifunga, ililia, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu.

Muuguzi alikipapasa. Hapakuwa na mkoba wala chupa ya maji, ila ubaridi na harufu ya matope ya zamani. Mjomba wake, dereva mstaafu aliyekuwa akimfundisha kuendesha gari, alichungulia dirishani akasema ni waya umelegea. Hakucheka, naye alikuwa mtu wa kukifanyia mzaha hata kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, kilichokatwa na kamba ya chuma siku alipokuwa akilinasua lori. Huwaambia wanafunzi wake kwamba yeye huhesabu mpaka tisa tu.

Lilikuwa somo la mwisho. Zahanati ya ng'ambo ya mto ingemwajiri iwapo tu angeweza kujiendesha mpaka huko kila siku. Mjomba alikwisha kupunguza upepo wa matairi ili yashike matope. Sasa alivua viatu ili atangulie kwa miguu, apime kina kwa fimbo.

"Weka gia nzito. Fuata mikono yangu tu," alimwambia. "Nikikunja ngumi, simama."

Ukungu wa asubuhi ulimmeza kabla hajafika ng'ambo. Kisha mikono miwili ikatokea karibu na boneti, ikimwita. Papo hapo kengele ikanyamaza.

Aliingia mtoni. Mikono ilimvuta kushoto, naye akaifuata huku ameng'ang'ania usukani, maji yakigonga milango, boneti ikiinama kidogo kidogo, na ile harufu ya matope ikizidi hata akaihisi mdomoni, mpaka kwa ile tabia yake ya kuhakikisha kila kitu mara mbili, ambayo mjomba humtania kwamba itamzeesha kabla ya wakati, akajikuta anavihesabu vidole vilivyokuwa vikimwita, na akafika kumi.

Akakanyaga breki.

Mjomba alikuwa akimwita kutoka kulia, mbali. Ukungu ulipofunguka, ngumi yake ilikuwa juu. Mbele ya gurudumu la kushoto, hatua moja tu, chini ya mto hapakuonekana tena. Palikuwa na weusi mtupu.

Kengele ikaanza kulia upya.

Alirudi kinyumenyume, polepole, kisha akavuka akifuata vidole tisa. Mjomba alikuja mlangoni ameloa mpaka kifuani, akasimama akikisikiliza kiti kile. Hakufungua mlango wa mbele. Alipanda nyuma, akafunga mkanda wake.

"Mjomba, nani amekaa hapa?"

"Endesha, mwanangu. Usimtazame."

"Na nikianza kazi? Nitavukaje peke yangu?"

Mkanda wa kiti cha mbele ulijivuta taratibu, ukapita juu ya kifua kisichokuwepo, ukajibana, ta.

Kengele ikanyamaza.