Antena ya Mzee Bronek

Ndugu zangu wa Lackawanna, nisikilizeni. Habari za nyumba ya akina Wojtas mmezisikia nusu nusu, na kila anayezisimulia anatia chumvi yake. Mimi Genia Kubiak mlango wangu unatazamana na wao. Niliyaona kwa macho yangu, na mengine Leonard mwenyewe aliniambia huku analia, kwa hiyo nitasema yalivyokuwa.

Ilikuwa nyumba yenye raha. Jumapili tukitoka misa, harufu ya supu ya kuku na kabeji ilivuka barabara ikanikuta kwangu. Mzee Bronek, mjane aliyemaliza nguvu zake katika kiwanda cha chuma, aliketi kwenye kiti chake cha kijani mbele ya televisheni. Pembeni alikaa Leonard, mwanawe wa pekee, tuliyezoea kumwita Lenny. Timu yetu ya mji jirani wa Buffalo ikicheza ugenini, nyumba ilitikisika. Mzee alimfokea mwamuzi kwa Kipolandi, Leonard alimfokea kwa Kiingereza, na Dolores, mke wa Leonard, aliwafokea wote wawili kwa sababu supu ilikuwa inapoa.

Mzee ndiye aliyemfundisha mwanawe kuupenda mpira ule wa Kimarekani. Leonard alipokuwa mtoto, picha ikijaa chenga, baba alipanda paa la jiko kuzungusha antena, na mtoto alisimama dirishani akipiga kelele: "Bado, Baba! Rudi kidogo! Hapo! Hapo hapo, usiguse!" Mtaa mzima ulijua kwamba picha ya akina Wojtas imetulia, na tulikuwa tunacheka.

Mechi za nyumbani ndizo zilizokuwa msiba. Miaka ile ya sitini sheria ilisema hivi: timu ikicheza kwenye uwanja wake, stesheni za mji wenyewe na za jirani zisionyeshe, hata kama uwanja umejaa pomoni. Ukitaka kuona, nunua tiketi. Haya, mzee mwenye kifua kilichojaa vumbi la kiwanda, anayehema akipanda ngazi za kanisa, angeifanyia nini tiketi? Watu wa mbali waliitazama timu yetu bure wakila soseji zao. Sisi wenye timu tulionyeshwa sinema za wachunga ng'ombe. Mimi mpira hata siupendi, lakini jambo lile linanikera mpaka leo.

Ndipo wanaume wa mtaa walipoanza safari za mji wa Erie. Kule ni mbali, sheria haifiki. Walikodi chumba cha gesti, wakajazana kitandani na sakafuni, wakatazama mechi iliyokuwa inachezwa kule walikotoka. Kichekesho, lakini ndivyo tulivyoishi.

Mara ya kwanza Leonard alimchukua baba yake. Wakampa nafasi nzuri ya kitandani, na mzee akawaeleza kila mbinu kabla haijafanyika. Lakini njiani walisimama mara nyingi kwa ajili ya haja zake, na chumbani moshi wa sigara ulimkaba akakohoa sana. Eddie Pajak, mwenye gari, alishindwa kuvumilia.

"Lenny, tumekuja kuangalia mpira au kuuguza? Mzee wako akikohoa hata mtangazaji hasikiki!"

Watu wakacheka. Leonard naye akacheka. Mzee alitoa leso, akajiziba mdomo mpaka mechi ikaisha.

Tangu siku hiyo maneno yakawa yale yale. "Gari limejaa, Baba. Safari ijayo." Mzee hakulalamika. Alisema tu, "Sawa, mwanangu. Utanisimulia." Lakini Leonard alirudi amelewa, akaanguka kitandani na viatu vyake, asisimulie kitu. Asubuhi mzee alisoma matokeo gazetini.

Dolores hakunyamaza. "Lenny, baba yako anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Unajua hilo?"

"Nijue nifanye nini? Sheria nimeitunga mimi?"

"Gari umelijaza wewe."

Ikafika mechi ya mwisho ya nyumbani msimu ule. Nadhani maneno ya Dolores yalikuwa yamemchoma, maana Leonard alimwapia baba yake kwamba hii watakwenda wote. Asubuhi nilimkuta mzee kibarazani amenyoa ndevu, amevaa koti lake la harusi na kofia, amepakata chupa ya chai.

"Mzee Bronek," nikamtania, "unakwenda kuoa?"

"Nakwenda Erie, Genia. Na wewe nitakutafutia mchumba huko, upunguze kuchungulia watu."

Nilicheka mpaka nikashika uzio. Siku nyingi sikuwa nimemwona na uso ule.

Gari la Eddie likaja likipiga honi. Leonard alitoka ndani akiwa ameshavaa. Akaenda kwenye gari, akaongea na wenzake dirishani, wakacheka, kisha akarudi akitazama chini.

"Baba, gari limejaa. Halafu daktari alisema baridi si nzuri kwako."

Mzee alilitazama gari. Mimi pia nililitazama. Kwenye kiti cha nyuma walikaa wanaume wawili, na katikati yao kreti ya bia ilikuwa imekalishwa kama mtu.

"Kweli," akasema mzee. "Limejaa."

"Lenny!" Dolores alipaza sauti kutoka mlangoni. "Huoni aibu?"

"Usinianze mbele ya watu, Dolores."

Wakaondoka. Dolores na mimi tulikuwa na zamu ya kupika kwenye ukumbi wa parokia, naye alitaka kubaki. Mzee alimkatalia. "Nenda, mwanangu. Mimi nitajilaza tu." Alivua kofia mbele yetu, akaingia ndani. Sisi tukamwamini.

Tuliporudi alasiri, theluji ya uani ilituambia kabla hatujaona kitu. Toka mlango wa jikoni mpaka penye ngazi ya paa kulikuwa na njia iliyokanyagwa, nyayo juu ya nyayo, za kwenda na za kurudi. Mzee alikuwa amepanda, akageuza antena upande wa Erie ili ainase stesheni ya kule, akashuka, akaingia ndani kutazama picha, akakuta chenga, akatoka akapanda tena. Mara nyingi sana. Hapakuwa na mtoto dirishani wa kumwambia bado, rudi kidogo.

Alikuwa amelala chini ya ngazi kwenye koti lake la harusi. Alikuwa bado hai. Dolores alipiga magoti akamshika kichwa, mimi nikakimbilia simu. Niliporudi nilimsikia akiuliza kwa sauti ndogo:

"Picha... imetulia?"

"Imetulia, Baba," alisema Dolores, ingawa alikuwa hajaingia ndani.

"Basi usiguse," akasema. Hakusema tena. Gari la wagonjwa lilipofika, alikuwa ameshakufa.

Tulimfunika kwa blanketi lake, kisha tukaingia sebuleni. Picha ilikuwa imetulia kabisa. Wachezaji wetu walikuwa wanarukiana kwa furaha, watu uwanjani wanapiga kelele, na mbele yao kile kiti cha kijani kitupu. Dolores alilia kilio ambacho sijakisahau.

Leonard hatukuweza kumpata. Gesti zilikuwa nyingi, na hakumwambia mkewe jina la waliyokodi. Aliingia mtaani jioni na honi na nyimbo, maana tulishinda. Alishuka akiita, "Baba! Baba, leo nakusimulia yote!" Mimi ndiye niliyemshika mkono pale kibarazani. Nilitamani kumpiga, nikashindwa, nikamkumbatia.

Miaka michache baadaye sheria ile ililegezwa. Uwanja ukijaa, mechi ya nyumbani inaonyeshwa hapa hapa. Mtaa ulisherehekea. Leonard aliwasha televisheni, akaketi kando ya kiti cha kijani, akatazama kidogo, akazima. Antena hajaruhusu mtu aiguse. Mpaka leo imeelekea Erie.

FUNZO

Msiniambie sheria ndiyo iliyomuua. Sheria ilikuwa mbaya, na walioitunga walithamini tiketi kuliko watu, hilo nitalisema hata mbele ya askofu. Lakini sheria ilizima televisheni tu. Haikumwambia Leonard amcheke baba yake pamoja na wenzake, wala haikumwambia amwache kibarazani na chai yake.

Mzazi aliyekufundisha kupenda kitu, usimfungie nje ya kitu hicho eti kwa sababu anakohoa, au anachelewesha safari. Na ninyi vijana mnaojaza magari Jumapili, geuzeni shingo mtazame nyuma kabla hamjasema limejaa. Kreti ile ya bia ingeweza kupakatwa.