Boti ya Baiskeli na Upepo wa Burat

Soko la Isiolo saa tano asubuhi halina adabu. Ndiyo maana Istar, opareta wa simu pale posta, binti wa Mzee Hersi mwenye malori, alipohisi mtandio wake wa waridi ukivutwa kichwani alijua ni utundu wa vijana. Aligeuka na mkono juu. Kumbe ni feni ya radieta, feni nzima ya lori, iko begani mwa kijana mrefu mwenye shati la kaki lililojaa grisi.

"Samahani, dada yangu. Usiuvute, utachanika. Ngoja."

"Ningoje mpaka soko zima linione kichwa wazi?"

"Mimi sijaona kitu. Wallahi nimefumba macho!"

Na kweli alikuwa amefumba, vidole vikipapasa taratibu penye feni iliponasa. Istar akacheka bila kupenda.

Huyo alikuwa Adano, fundi wa baiskeli, Mborana wa Kinna, na feni aliitaka kwa boti. Boti, jamani! Isiolo hii ya vumbi na ngamia! Lakini mwaka ule wa themanini na tano mvua ilijaza bwawa upande wa Burat, njia ikakatika, kina mama wa maziwa wakawa wanazunguka nusu siku kufika mjini. Adano akaunda boti nyembamba ya mabati. Unaketi miguu mbele, unakanyaga pedali, mnyororo unazungusha feni chini ya maji, mikono inabaki na usukani.

Basi simu zikaanza. Kila saa nane Adano aliingia dukani kwa Asho na kuinua mkono wa simu.

"Isiolo, nambari gani?"

"Sina nambari. Nataka sauti tu."

"Mwenye sauti yuko kazini, bwana."

"Basi mwambie ule mtandio ulimpendeza kuliko bibi arusi."

"Si ulifumba macho wewe?"

"Niliyafungua mapema kidogo, mpenzi. Nisamehe."

Posa ilipelekwa na Mzee Boru, baba mdogo wa Adano, na buni na tumbaku kama desturi ya Waborana. Mzee Hersi, Msomali mjukuu wa askari wa Mwingereza, alivipokea kwa heshima, kisha akatoa sharti lake.

"Avuke bwawa Ijumaa baada ya swala, kutoka Burat kuja huku, upepo ukiwa usoni. Akifika, binti ni wake. Akirudishwa na upepo, asibishe tena mlangoni kwangu."

Jumatano Adano akaenda kujaribu, Istar akamsindikiza ng'ambo ya Burat. Upepo wa Julai ulikuwa unang'oa kofia. Boti ilianza vizuri, ikafika katikati, pua ikaanza kulala upande. Hapo Adano akafanya kosa la fundi wa baiskeli: akaacha kukanyaga ili apinde, akiitegemea friwili, ile gia ya nyuma inayozunguka hata miguu ikisimama. Baiskeli ukiiachia huteleza yenyewe. Boti haina habari hiyo. Usukani ukalegea, upepo ukaishika ubavuni, ukaizungusha na kumtupa kwenye matete. Watu waliokuja kutazama wakaangua kicheko. Istar alikuwa anapiga mayowe akidhani amezama, na alipomwona anatoka na tope hadi masikioni, naye akacheka mpaka machozi. Adano akamtazama mara moja tu, akaenda zake.

Saa nane simu haikulia. Alhamisi ikafika saa nane, kimya. Mwishowe Istar akapiga yeye.

"Asho, niitie Adano. Mwambie ni serikali."

"Haloo?" Adano akaitika.

"Umenikasirikia."

"Ulinicheka, Istar. Wengine sawa. Hata wewe?"

"Nilidhani umekufa, mjinga wewe! Nilicheka kwa furaha kwamba unatembea!" "Nakupenda. Nimesema, na opareta wa Meru anasikia."

Kisha Istar akashusha sauti.

"Sasa nisikilize. Mimi nimelelewa ndani ya lori. Lori likiingia mchanga wa laga, ule mto mkavu, dereva hainui mguu. Akiinua, amelala hapo. Wewe jana uliinua mguu."

"Nilitaka kupinda."

"Pinda ukikanyaga! Na upepo usiuendee uso kwa uso. Upe bega hili kidogo, kisha lile. Na uiname, huo mgongo wako ndio unaokamata upepo."

"Unamgeuka babako?"

"Babangu amechagua mtihani. Mimi nachagua mume."

Ijumaa mji mzima ulijipanga upande wa mjini. Istar alivaa dira ya kijani, lile gauni pana la Kisomali, upepo ukaipiga mpaka akaishika kwa mikono miwili. Kutoka ng'ambo boti ikaja, Adano ameinama hadi magoti karibu yaguse kidevu, bega hili, bega lile. Katikati ikasimama. Haiendi, hairudi, maji yanachemka tu nyuma yake. Istar aliona miguu ya mpenzi wake ikichoka, akaogopa kama hajawahi kuogopa.

Ghafla bakora ilianguka. Mzee Hersi, aliyeendesha malori miaka thelathini, aliingia majini na viatu vyake vya swala.

"Kanyaga! Usiinue mguu, kijana! Kanyagaaa!"

Upepo ukamchukulia sauti moja kwa moja hadi kwa Adano. Kijana akakanyaga. Pua ikanyooka, boti ikasogea shibiri, ikasogea pima, mpaka ikagonga mchanga mbele ya mzee. Hersi, suruali imelowa hadi magotini, akamshika mkono na kuwageukia watu.

"Huyu ni mkwe wangu. Mwenye neno aseme!"

"Mimi ninalo," alisema Istar. Akamgeukia babake. "Aabo, wewe umempima, mji umeshuhudia. Nani ameniuliza mimi?"

Mzee akauachia mkono wa Adano, akamwashiria aulize. Miguu ya Adano ilikuwa inatetemeka, hawezi kusimama. Akauliza akiwa amekaa vilevile botini.

"Istar binti Hersi, utanikubali?"

"Nimekubali," akajibu, kichwa juu, kwa sauti ya kuwafikia kina mama wa maziwa kule ng'ambo. "Na boti hiyo uifungie kiti cha pili na pedali zake. Mimi si mke wa kungojea ukingoni."