Lakiri ya Bluberi

Dhoruba ya mchanga ilipotulia, gari lilikuwa limezama hadi ekseli na barabara haionekani tena. Saa saba mchana, mwezi wa Julai, jangwani nje ya Dubai! Chupa ya mwisho ya maji ilikuwa tupu, simu hazishiki mtandao, na kambi ya madam, mwajiri wao, walikokuwa wakipeleka mzigo ingeweza kuwa mbele, nyuma, au popote.

"Tumetokea huku," alisema Yekoniya, dereva Mganda, akionyesha kushoto. Punde akaonyesha kulia. "Hapana. Huku."

Fridah hakujua aamini lipi. Yeye mtu wa Kitui, jua analijua, lakini hili lilimvuruga akili. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza wageni wa madam faida za bluberi za mwituni, vitunda vya zambarau kutoka ng'ambo: zinasaidia moyo, zinasaidia kumbukumbu. Wiki nzima ameikariri hotuba hiyo chumbani kwake mtaa wa Karama, mjini Dubai. Na sasa makasha sita ya bluberi zilizogandishwa yako nyuma ya gari, yamefungwa kwa lakiri za plastiki, nao wanakufa kiu. Upuuzi ulioje!

"Kaka, tufungue moja."

"Nimezitilia sahihi lakiri hizo. Ikikatwa moja kabla madam hajaikagua, khalas, kazi imekwisha, narudishwa Mbale."

"Hata maiti hurudishwa Mbale."

Yekoniya hakucheka. Alikuwa ameacha kutoka jasho. Ulimi ukamwia mzito, akamwita Fridah kwa jina la mkewe, Rosette, akamwuliza kama watoto wamekula. Kisha akainuka, akashika njia kuelekea kusiko na kitu. Fridah aliogopa kwelikweli. Akamkimbilia, akamvuta kwa mkanda wa suruali hadi kivulini mwa gari, akaisokota lakiri kwa ufunguo mpaka ikakatika.

Bluberi zilikuwa zimeanza kuyeyuka, ndogondogo, chachu. Mfuko mmoja akambania kwapani ili kumpoza, za mfuko mwingine akamlisha chache chache.

"Meza, kaka. Taratibu."

Je, zinasaidia? Hotuba haikusema lolote kuhusu mtu anayeuawa na jua. Hakujua, akaendelea kulisha.

Magari ya kambi yaliwafikia jua likizama. Madam aliteremka, akaviona vidole vya Fridah vilivyogeuka zambarau, akaliona kasha.

"Nani amekata lakiri?"

Fridah alifungua mdomo, lakini sauti ya Yekoniya ikamtangulia kutoka mchangani.

"Mimi, madam. Huyu dada alinikataza."

Fridah akamtazama, asijue kama bado amechanganyikiwa, au anakumbuka kila kitu.