Mwache Mapema

Siku Efraín alipokutana na Delfina, mashine ya kuchapisha ya maktaba ya chuo ilikuwa imemeza insha ya Delfina, na watu kumi na wawili wa foleni walikuwa wanamnung'unikia. Efraín, fundi wa mashine hizo, aliingiza mkono hadi kiwiko.

"Usisome," Delfina alimwambia. Alivaa gauni la njano, lakini viatu vyake bado vilikuwa na vumbi la ghala la pichi alikofanya kazi.

"Dada, imechanika vipande vitatu. Nitasoma nini?"

"Afadhali. Somo lenyewe nimeshafeli mara mbili."

Miezi minane baadaye walikuwa wanaishi pamoja, na Delfina alikuwa analirudia somo kwa mara ya tatu. Mwalimu mpya, Bi Pruitt, aliamini kwamba anayeogopa insha aanze kwa kutunga hadithi. Delfina hakumwambia Efraín. Aliona haya, mtu mzima wa miaka thelathini na nne kutunga hadithi.

Jumamosi moja asubuhi Delfina alikuwa kazini. Efraín alikuwa anatafuta funguo mezani jikoni akakuta karatasi. *Nimechoka na mwanamume huyu asiyefunga makabati. Leo naondoka.* Efraín hakuwa amefunga kabati tangu azaliwe. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Mwache mapema zaidi. Usisubiri hadi ukurasa wa tatu.*

Alifunga makabati yote, moja baada ya jingine, akaenda kwa dada yake.

Saa nane simu ililia.

"Uko wapi, kipenzi? Na nani kafunga makabati?"

"Nimekurahisishia. Ukurasa wa tatu mbali."

Delfina alicheka mpaka akakohoa. "Efraín, hiyo ni hadithi."

"Imeandikwa 'nimechoka'. Nani kachoka?"

"Rosaura. Ana miaka sitini, mumewe anaendesha trekta. Ulisoma mpaka wapi?"

"Mstari wa pili. Na wino mwekundu."

"Bi Pruitt anataka hadithi ianzie pale Rosaura anapoondoka, mimi nimemchelewesha kwa kueleza mapazia. Kwako nimeazima makabati tu. Rudi nyumbani, mjinga wangu."

Efraín hakuwahi kufurahi hivyo kuitwa mjinga. Aliendesha gari akiimba peke yake.

Delfina alimsomea hadithi yote, ingawa kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumsikia akisoma alichoandika. Rosaura alifika kituo cha basi, akakata tiketi, akapanda bila kugeuka nyuma.

"Harudi?"

"Harudi."

"Safi," Efraín alisema, na alimaanisha. "Mwanamume yule hafai."

Kisha akaugeuza ukurasa wa mwisho, akachukua penseli akaandika polepole nyuma yake: *Nioe au nikuoe, vyovyote, mradi tuoane.*

Delfina alisoma mara mbili. Akatafuta kalamu nyekundu, akaandika pembeni: *Ndiyo. Ila hili lingefaa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza.*